Édouard Empain: aliyejenga reli ya Kisangani na Ubundu, akalipwa kwa ardhi ya Kongo

Kisangani – Reli ya kati ya Kisangani na Ubundu ilifunguliwa rasmi tarehe 1 mwezi wa tisa 1906. Wakati ule Kisangani iliitwa Stanleyville, Ubundu iliitwa Ponthierville, na nchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kampuni iliyojenga hizo kilomita 125 ilikuwa mikononi mwa Mbelgiji mwingine, Édouard Empain, mtoto wa mwalimu wa kijijini. Miaka sita kabla, kampuni yake nyingine ilikuwa imefungua metro ya Paris. Na mwaka huohuo wa 1906 alikuwa anaanza kujenga mji mpya jangwani, karibu na Cairo nchini Misri.

Maisha ya mtu huyu yanagusa wakaaji wa mashariki ya Kongo kuliko wanavyoweza kufikiri. Njia ya reli inayoanza Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto, ni sehemu ndogo tu ya alichoacha. Mambo ya ardhi na machimbo ya Kivu na Maniema nayo, kwa sehemu kubwa, yanarudi kwenye karatasi moja iliyotiwa sahihi mwaka 1902.

Mtoto wa mwalimu

Empain alizaliwa tarehe 20 mwezi wa tisa 1852 kule Belœil, kijiji cha jimbo la Hainaut, Ubelgiji. Belœil inajulikana kwa jumba kubwa la wana wa kifalme wa ukoo wa de Ligne. Familia ya Empain haikuwa ya jumba hilo. Baba alifundisha shule, na mshahara wa mwalimu wa kijiji haukuwa mkubwa.

Kijana huyo aliingia kazini Brussels kwenye kampuni ya vyuma kama mchoraji wa mipango ya ujenzi. Ni kazi ya kukaa mezani na rula na penseli, kuchora madaraja, mabehewa na mitambo kabla fundi hajagusa chuma. Hapo ndipo alipojifunza ufundi, na hapo ndipo alipojifunza pia jambo la pili lililomfanya kuwa tajiri: bei ya kila kitu. Mchoraji anajua chuma kiasi gani kinaingia kwenye daraja, na anajua ni wapi panaweza kupunguzwa bila daraja kuanguka.

Ubelgiji wa wakati ule ulikuwa na reli kubwa nyingi, lakini vijiji na miji midogo ilikuwa bado inategemea punda na mikokoteni. Empain aliona kwamba reli nyembamba, yenye upana wa mita moja au pungufu, inagharimu kidogo sana. Kona zake zinaweza kuwa kali, madaraja yake mepesi, udongo wa kuchimba mchache. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alijenga njia ya namna hiyo kutoka Liège kwenda Jemeppe. Ilimletea faida, naye akaendelea hivyo mahali pengine.

Shida ya mjenzi wa reli ni kwamba pesa zinatoka mwanzoni na faida inakuja miaka mingi baadaye. Ili asipige magoti mbele ya mabenki ya watu, mwaka 1881 Empain alianzisha benki yake mwenyewe. Tangu hapo aliendesha mambo kwa mtindo mmoja: anaomba ruhusa kwa serikali au mji, anaunda kampuni kwa ajili ya njia hiyo tu, anauza sehemu ya hisa kwa watu, anabaki na sauti ya mwisho. Kisha viwanda vyake vinaiuzia kampuni hiyo vyuma na mitambo. Alipoanzisha kiwanda cha vifaa vya umeme cha ACEC kule Charleroi mwaka 1904, karibu mnyororo wote ulikuwa mkononi mwake.

Chini ya barabara za Paris

Umeme ndio uliomtoa Empain Ubelgiji. Tramu zilizokuwa zinavutwa na farasi zilianza kupewa waya na mota, na kila mji mkubwa ulitaka zake. Mwaka 1894 alipata ruhusa ya kujenga tramu za Cairo, na mwaka 1896 zilikuwa zinatembea. Kisha ikaja kazi kubwa kuliko zote, Paris.

Mji huo ulikuwa umebishana miaka mingi kuhusu reli ya chini ya ardhi. Kampuni kubwa za reli zilitaka garimoshi zao zipite katikati ya mji. Baraza la mji lilikataa, likataka njia yake lenyewe. Sheria ilipita mwezi wa tatu 1898. Kazi ilikatwa vipande viwili. Mji ulichimba mahandaki, ukajenga stesheni na madaraja. Kampuni ya Empain iliweka reli, waya, mitambo ya umeme, milango na treni, na ikapewa ruhusa ya kuendesha na kukusanya nauli.

Kwa upande wa mji, mhandisi mkuu alikuwa Fulgence Bienvenüe, Mfaransa wa Bretagne, ambaye naye alizaliwa mwaka 1852 kama Empain. Bienvenüe alikuwa na mkono mmoja. Ule wa kushoto aliupoteza mwaka 1881 kwenye ajali kazini, akijenga reli. Yeye ndiye aliyechora mahandaki. Sehemu nyingi zilipita chini kidogo tu ya barabara, kwa kufuata mitaa, ili misingi ya nyumba isiguswe. Mabehewa yalipewa upana wa mita 2.40 tu, na mahandaki yakachimbwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo treni kubwa za kampuni nyingine zisingeweza kuingia hata zikitaka.

Njia ya kwanza, ya karibu kilomita 10 kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, ilifunguliwa tarehe 19 mwezi wa saba 1900, wakati Paris ilikuwa imejaa wageni wa Maonyesho ya Dunia. Ilikuwa imechimbwa chini ya miaka miwili. Watu waliipenda mara moja, na pesa ziliingia.

Miaka iliyofuata, wahandisi wa mji walipitisha njia nyingine chini ya mto Seine. Masanduku makubwa ya chuma yaliunganishwa ukingoni, yakaelea hadi katikati ya mto, kisha yakazamishwa polepole huku wafanyakazi wakichimba udongo ndani yake, kwenye hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiingie. Mahali ambapo udongo ulikuwa laini sana na umejaa maji, waliugandisha kwa maji ya chumvi yenye baridi kali yaliyopitishwa kwenye mabomba. Kivuko hicho kilifunguliwa mwezi wa kwanza 1910.

Metro ilikuwa pia na msiba wake. Tarehe 10 mwezi wa nane 1903 mota ya treni moja ilishika moto. Mabehewa yalikuwa ya mbao. Moshi ulijaa kwenye stesheni ya Couronnes, ambako abiria wa treni nyingine walikuwa wamesimamishwa. Wengine walichelewa kutoka kwa sababu walikuwa wanadai warudishiwe nauli. Kisha taa zikazimika, kwani zilipata umeme kwenye waya uleule wa treni, na watu wakakosa njia gizani. Walikufa 84. Baada ya hapo taa zilitenganishwa na waya wa treni, na mabehewa ya mbao yakaanza kuachwa.

Karatasi ya mwaka 1902

Wakati Paris inachimbwa, Leopold wa Pili alikuwa na shida Kongo. Reli ya Matadi na Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa imemalizika mwaka 1898 chini ya Albert Thys. Kutoka Kinshasa meli za moshi zilipanda mto kama kilomita 1,700 hadi Stanleyville. Hapo zilisimama. Mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma, ambayo wazungu waliyaita Stanley Falls, na hakuna meli inayoweza kuyapanda. Wavuvi Wagenia wanaoshika samaki kwa mitego ya miti kwenye poromoko la mwisho wanajua nguvu ya maji yale kuliko mhandisi yeyote. Juu ya maporomoko, mto unaitwa Lualaba, na kutoka Ubundu unapitika tena.

Mfalme alitaka zaidi ya kuzunguka maporomoko. Mpango wa kwanza ulikuwa kutoka Stanleyville kukata msitu hadi Mahagi, kwenye ziwa Albert, ili kuufikia mto Nile, na tawi lingine hadi ziwa Tanganyika. Tangu miaka ya mwisho ya 1890 wapimaji waliingia msituni kutafuta njia. Kisha hesabu ilifanywa. Ni mamia ya kilomita za msitu mzito, bila mizigo ya kutosha kulipa gharama. Mpango huo uliachwa, ukachukuliwa mwingine wa bei nafuu: kutumia mto kila mahali unapopitika, na kuweka reli pale tu ambapo maporomoko yanafunga njia. Hiyo ilikuwa hesabu ya aina aliyoizoea Empain.

Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1902 makubaliano yalitiwa sahihi, na kampuni ya reli za Kongo ya juu hadi Maziwa Makuu ikazaliwa. Wengi waliijua kwa herufi zake tatu, CFL. Mtaji wake ulikuwa faranga milioni 25. Dola ya Leopold iliwahakikishia wenye hisa riba ya asilimia 4, hata kama reli isingeleta kitu. Na juu ya hiyo, kampuni ilipewa haki juu ya hektari milioni 4 za ardhi, pamoja na misitu na madini yaliyomo, huku Dola na kampuni zikigawana faida.

Hektari milioni 4 ni kilomita za mraba 40,000. Ubelgiji nzima ina kama 30,500. Ni sawa na kusema sehemu moja ya tano ya jimbo la Tshopo la leo. Watu waliokuwa wanalima, kuwinda na kuzika wafu wao kwenye ardhi ile hawakuulizwa. Kwa sheria ya Leopold, ardhi ambayo haikuwa na nyumba wala shamba iliitwa ardhi isiyo na mwenyewe, na kila isiyo na mwenyewe ilikuwa ya Dola. Msitu wa kuwinda, mashamba yaliyopumzishwa na mito ya kuvulia samaki havikuhesabiwa.

Kwa mikono ya nani

Kazi ilianza Stanleyville mwaka 1903. Kila reli, kila msumari na kila kipande cha daraja kilitoka Ulaya kwa meli hadi Matadi, kikapakiwa kwenye treni hadi Kinshasa, kikashushwa, kikapakiwa tena kwenye meli ya mto, na baada ya majuma kadhaa kikafika ukingo wa kushoto wa Stanleyville. Injini za treni zilisafiri vivyo hivyo, zikiwa vipande vipande, zikaunganishwa huku.

Upana uliochaguliwa ni mita moja. Reli nyembamba ilikuwa ndiyo shule ya Empain tangu Liège, na msituni ilikuwa na faida zilezile: kona kali za kukwepa vilima, tuta dogo, madaraja mepesi juu ya vijito vingi vinavyoteremka kwenye Lualaba. Hakukuhitajika handaki. Adui wa njia hii alikuwa maji. Mvua ya ikweta inanyesha karibu mwaka mzima, inakula tuta, inaziba mifereji, na miti inaanguka juu ya reli. Kazi ya kujenga ilipoisha, kazi ya kufyeka ilianza, na haijaisha hadi leo.

Wafanyakazi walikuwa Wakongo, na wengi hawakuja kwa hiari. Ilikuwa miaka ya mpira mwekundu. Vijiji vilikuwa vinadaiwa mpira, chakula, wapagazi na vijana, na mkuu wa kijiji aliyeshindwa kuleta hesabu alijua kitakachomfika. Dola iliandikisha watu kwa ajili ya kazi za umma namna ileile ilivyoandikisha askari, na sehemu yao ilipelekwa kwenye reli za CFL. Walikata miti kwa shoka, wakabeba udongo kwa vikapu, wakavunja mawe. Watu wa Kongo walikuwa tayari na jina la utawala ule: Bula Matari, mvunja miamba. Lilikuwa jina la Stanley kwanza, kisha likawa la serikali nzima.

Mwaka 1904, katikati ya kazi hiyo, ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, iliieleza dunia mateso yaliyokuwa yanaendelea kwenye nchi ya mpira. Tume ya uchunguzi ya Leopold mwenyewe ilikuja Kongo na kusikia mashahidi. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 1908, Dola Huru ya Kongo ilikufa, ikawa koloni la Ubelgiji. Mikataba ya makampuni ilibaki. Kampuni ya Empain iliingia kwenye utawala mpya ikiwa na reli zake na ardhi yake. Mwenyewe alikuwa amepewa cheo cha baroni na mfalme mwaka 1907.

Kutoka Kindu hadi ziwani

Baada ya Ubundu, kazi ilihamia juu. Kutoka Ubundu meli zilipanda hadi Kindu. Kati ya Kindu na Kongolo mto una maporomoko tena, na mahali pamoja ukuta wa mawe unaubana hadi wakauita Milango ya Jehanamu. Njia ya kilomita 355 ilijengwa kuzunguka sehemu hiyo, ikamalizika mwisho wa mwaka 1910. Kutoka Kongolo meli nyingine zilienda kusini hadi Bukama, Katanga.

Kipande cha tatu kilitoka Kabalo kwenda mashariki, kilomita 273, kikafika Albertville, Kalemie ya leo, mwezi wa tatu 1915. Kwa mara ya kwanza mzigo uliweza kutoka bahari ya Atlantiki hadi ziwa Tanganyika kwa meli na treni, bila kubebwa kichwani. Lakini kila mara njia ilipobadilika kutoka maji kwenda reli, mzigo ulipakuliwa na kupakiwa tena kwa mikono, Kinshasa, Kisangani, Ubundu, Kindu, Kongolo, Kabalo. Reli ya bei nafuu ilikuwa nafuu kwa mwenye hisa. Aliyebeba magunia bandarini alilipa tofauti kwa mgongo wake.

Vita ilikuwa imeshaanza. Wajerumani walitawala ziwa kwa meli zao kutoka Kigoma. Reli ya Kabalo ilikuwa bado mpya ilipogeuka njia ya jeshi. Mwisho wa 1915 Waingereza walipitisha juu yake mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimetoka Cape Town kwa treni, kukokotwa barabarani na kushuka mto. Mwaka 1916 askari Wakongo wa Force Publique waliingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na tarehe 19 mwezi wa tisa waliteka Tabora. Nyuma yao walienda wapagazi wengi sana, kwani mbele ya reli hakukuwa na kitu kingine cha kubebea risasi na unga. Empain mwenyewe alipewa cheo cha jenerali, akasimamia kazi ya kulitafutia jeshi la Ubelgiji silaha akiwa Ufaransa.

Mji wa jangwani

Huku reli ya Kisangani ikijengwa, Empain alinunua mwaka 1905 kama hektari 2,500 za jangwa kaskazini-mashariki ya Cairo, kwa bei ndogo sana, akishirikiana na Boghos Nubar, tajiri wa Misri mwenye asili ya Armenia. Watu walishangaa. Hakukuwa na maji wala mti. Empain aliweka kwanza reli ya umeme kutoka Cairo, na reli ilipofika, mchanga uligeuka kiwanja cha kuuza. Mji huo uliitwa Heliopolis. Waarabu wanauita Masr el-Gedida, Misri Mpya. Leo uko ndani ya Cairo.

Hapo alijijengea jumba la zege kati ya mwaka 1907 na 1911. Lilichorwa na Mfaransa Alexandre Marcel kwa kufuata mahekalu ya India na Kambodia, limejaa sanamu za tembo na nyoka. Lilikaa limefungwa na kuharibika miaka mingi, likatengenezwa, na mwaka 2020 serikali ya Misri ililifungulia wageni.

Ukilinganisha Heliopolis na Stanleyville, unaona kazi mbili za mtu mmoja. Zote zilianza na reli iliyowekwa mahali ambapo wengine hawakutaka kwenda, na faida ilitarajiwa kutoka kwenye ardhi ya pembeni. Cairo, ardhi iligeuka nyumba, shule, makanisa, misikiti, mitaa yenye kivuli. Huku, ilisubiri madini.

Ardhi iliyobaki

Haikusubiri sana. Mwaka 1923, kwa haki za madini ambazo CFL ilizipata kama malipo ya reli, kampuni ya Minière des Grands Lacs ilizaliwa, ambayo wazee wa Kivu wanaikumbuka kwa herufi MGL. Ilichimba dhahabu upande wa Kamituga. Mwaka 1932 ikaja Symétain, kwa bati ya Maniema. Mwaka 1928, upande wa ardhi yenyewe, CFL na serikali ya koloni waliunda Comité National du Kivu, CNKi, iliyopewa kazi ya kugawa mashamba kwa wakoloni wa kizungu. Kahawa na chai ziliingia, na wakulima wengi walijikuta wanaishi kwenye ardhi ambayo makaratasi yake yalisema ni ya mwingine.

Mwaka 1976, MGL, Symétain na wengine waliunganishwa kuwa Sominki. Miaka ya 1990 dhahabu ya Sominki ilipita mikononi mwa Banro, kampuni ya Kanada. Mchimbaji wa Kamituga anayegombania shimo na kampuni yenye hati, na mkulima wa Kivu anayeambiwa shamba la baba yake ni konsesyo, wote wawili wanagongana na fikra ileile ya 1902, kwamba ardhi yenye watu inaweza kutolewa mbali, mezani, kama malipo ya kazi nyingine.

Kifo, na reli baada yake

Empain alikufa Brussels tarehe 22 mwezi wa saba 1929, akiwa na miaka 76. Alizikwa Heliopolis, ndani ya basilika aliyoijenga. Aliacha watoto wawili wa kiume, Jean na Louis. Mjukuu wake, Édouard-Jean, alikuwa anaongoza kundi la viwanda la Empain-Schneider kule Ufaransa alipotekwa nyara Paris mwaka 1978. Watekaji walimkata sehemu ya kidole kimoja, wakamshika siku 63.

CFL iliendelea kujenga baada ya mwenyewe kufa. Mwaka 1939 reli ilivuka Lualaba kwenye daraja la Kongolo, na Kongolo ikaungana na Kabalo. Mwaka 1955 njia kati ya Kindu na Kalemie ilipanuliwa kufikia mita 1.067, ili iungane na reli za Katanga, na mwaka uliofuata treni zikaweza kutoka Kindu hadi Lubumbashi. Mwaka 1974 Zaïre iliunganisha kampuni zote za reli kuwa moja, ambayo sasa ni SNCC.

Kipande cha Kisangani na Ubundu hakikuguswa. Kilibaki peke yake, kimekatwa na mto pande zote mbili. Vita ilipokuja, njia hii ilibeba mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Mwezi wa nne 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamepiga kambi kandokando yake, Kasese na Biaro, wengi wakiuawa au kufa kwa njaa na magonjwa. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka huo, treni iliyokuwa inawarudisha Kisangani ilijaa kupita kiasi. Ilipofika, zaidi ya watu 90 walikuwa wamekufa kwa kubanwa na kukosa hewa.

Hadi leo mto Kongo hauna daraja Kisangani. Anayetoka katikati ya mji kwenda stesheni anavuka kwa pirogi au kwa baki hadi Lubunga. Mkulima wa kandokando ya reli mwenye mihogo, mpunga na mkaa anahitaji treni ili bidhaa zake zifike soko la Kisangani kwa bei inayoeleweka. Isipokuja, anabaki na baiskeli na miguu.

Majina yote yamebadilika. Stanleyville ikawa Kisangani, Ponthierville ikawa Ubundu, Albertville ikawa Kalemie. Upana wa reli haukubadilika. Kati ya Lubunga na Ubundu bado ni mita moja kamili, kama ulivyochaguliwa wakati wa Empain, na kwa sababu hiyo hata behewa la Kindu likiletwa kwa meli hadi Ubundu, haliwezi kupanda juu yake.